Dalali Asiyenadi Bei

Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimeshalirudisha tela kwenye mlango wa kupakulia wa ghala moja mjini Ocala, Florida. Foklifti ilikuwa inaingia na kutoka, kila ikiingia gari zima linatikisika, na mimi nimesimama kaunta nikisubiri hati ya mzigo igongwe muhuri. Mama wa mapokezi alichana bahasha iliyobandikwa kwenye paleti ya mwisho, akatoa ankara ya kampuni iliyouza bidhaa, akaiweka mezani ahesabu maboksi. Sikuwa nachungulia, karatasi ilikuwa imenielekea. Mstari wa mwisho kabla ya jumla uliandikwa: usafirishaji, dola 3,400.

Mimi nilikuwa nalipwa 2,050.

Yule mama akagonga muhuri, akaniambia niende salama. Nilifunga milango ya tela, nikapanda kwenye kichwa, nikakaa muda bila kuwasha. Maili 930 kutoka Columbus, Ohio. Nimepanda mlima wa Jellico pale mpakani mwa Kentucky na Tennessee usiku, mvua inanyesha, nimelala kwenye maegesho ya malori Georgia kwa sababu saa zangu 11 za kuendesha zilikuwa zimekwisha. Tofauti ya dola 1,350 ilikwenda kwa nani?

Huenda haikwenda kwa dalali aliyenipa mzigo. Inawezekana kabisa kwamba aliyeuza bidhaa aliongeza chake juu ya nauli kabla ya kumwandikia mnunuzi, wafanyabiashara hufanya hivyo. Inawezekana dalali alilipwa 2,400 tu. Inawezekana alilipwa 3,400 zote. Kilichoniuma asubuhi ile, na kinachoniuma mpaka leo ninapoandika, ni kwamba mtu niliyebeba mzigo wenyewe ndiye peke yangu nisiyejua.

Nimekulia Kigamboni, Dar es Salaam. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na wakati wa likizo alikuwa ananichukua alfajiri kwenda Feri, upande wa pili wa maji, kupeleka samaki mnadani. Dalali wa Feri anasimama mbele ya fungu la samaki na kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamsimama: ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano kwa bwana yule, nani ananiongezea! Mjomba yuko pembeni, mikono nyuma, anasikia kila shilingi. Mama ntilie anasikia. Mchuuzi wa baiskeli anayekimbilia mitaani na tenga lake anasikia. Bei ikifika mwisho, dalali anakata ushuru wake, mjomba anachukua kinachobaki. Ugomvi ulikuwepo, tena mkubwa, kwa sababu dalali aliyekukopesha pesa ya mafuta ya boti ndiye anayeuza samaki wako, upende usipende. Lakini sikumbuki hata siku moja mjomba kurudi nyumbani bila kujua samaki wake wameuzwa shilingi ngapi. Kwa sisi tuliokulia pwani, dalali ni mtu wa kunadi. Kazi yake ni sauti.

Huku Marekani dalali wa mizigo anafanya biashara mbili, zote kwa simu, na sisi tulio upande mmoja hatusikii upande wa pili. Mwenye mzigo anamwambia: nina paleti 24 za kwenda Ocala, nitakulipa kiasi hiki. Dalali anauweka mzigo kwenye DAT, programu tunakotafutia mizigo, mara nyingi bila bei. Mimi nampigia. Swali la kwanza analoniuliza ni hilo hilo ninalotaka kumuuliza yeye: unataka ngapi? Hapo ndipo mvutano unapoanza. Yeye ana kompyuta inayomwonyesha wastani wa bei za njia ile kwa siku na wiki zilizopita, anajua lori langu liko wapi kwa sababu nimemwambia, na anajua kwamba ikifika saa tisa alasiri bila mzigo nitashusha bei.

Florida ni mahali pa kuonea jambo hili vizuri. Ni jimbo la walaji. Malori yanaingia yamejaa chakula, samani, vifaa vya ujenzi, kisha hakuna cha kutoka nacho, isipokuwa kuanzia machipuko mpaka mwanzo wa kiangazi, mboga na matunda yanapovunwa. Miezi mingine magari ni mengi kuliko mizigo, na dalali anajua umekwama. Siku ile ya Ocala nilikaa saa sita nikipiga simu. Mzigo bora niliopata wa kurudi Columbus ulikuwa dola 1,100. Nilipomwambia kijana wa upande wa pili kwamba hiyo haifiki hata dola 1.20 kwa maili, alinijibu kwa upole kabisa: kaka, nina watu watatu wengine kwenye laini. Nikauchukua.

Ngoja niweke hesabu ya safari ile mezani, maana watu wa nyumbani wanasikia "dola elfu tatu kwa wiki" wanadhani tunaogelea kwenye pesa. Kwenda na kurudi, 3,150. Maili 1,860. Dizeli ilikuwa inakaribia dola 4 kwa galoni, na gari langu linakwenda maili 6 na nusu kwa galoni, hivyo mafuta yalikula kama 1,144. Bima ya wiki 320. Rejesho la mkopo wa gari, nikiligawa kwa wiki, 485. Kodi ya tela 200. Matairi, oili na matengenezo naweka senti 15 kila maili, 280. Ile kampuni inayonunua ankara zetu ili tusisubiri siku 30 au zaidi kulipwa, inakata asilimia 3, ambayo ni kama 95. Zikabaki dola 626 kwa siku tano za kulala ndani ya gari, kabla ya kodi, kabla sijala. Taasisi ya utafiti ya ATRI ilikokotoa kwamba mwaka 2023 kuendesha lori maili moja kuligharimu wastani wa dola 2.27, ukihesabu na mshahara wa dereva. Mimi safari ile niliingiza dola 1.69 kwa maili. Pengo hilo nilikuwa nalijaza kwa usingizi wangu, na kwa tairi ambalo nilipaswa kulibadilisha Januari na nikalibadilisha Aprili.

Nilipofika nyumbani nilimwandikia dalali wa ule mzigo wa kwenda. Sikutukana. Niliomba nionyeshwe kumbukumbu za muamala, kwa mujibu wa kifungu cha 371.3 cha kanuni za serikali kuu.

Kifungu hicho kila mwenye lori anapaswa kukijua kama anavyojua namba ya gari lake. Kinamtaka dalali atunze kumbukumbu ya kila muamala kwa miaka 3: nani mwenye mzigo, nani aliyeubeba, dalali alilipwa kiasi gani kwa huduma yake na nani alimlipa. Kisha kinasema kwamba kila aliye sehemu ya muamala ule ana haki ya kuipitia kumbukumbu hiyo. Kila aliye sehemu, na mimi niliyeubeba nimo. Kanuni yenyewe imetoka enzi za ICC, tume iliyokuwa ikisimamia usafiri wa kati ya majimbo. Kabla ya 1980 tume hiyo ilikuwa inaamua nani abebe nini na kwa njia ipi, na bei zilipangwa kwa pamoja. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kulegeza hayo yote tarehe 1 Julai 1980. Milango ikafunguliwa, mtu mwenye gari moja kama mimi akaweza kuingia, nauli zikashuka, na madalali wakakua, kwa sababu maelfu ya magari madogo na maelfu ya wenye mizigo walihitaji mtu wa kuwakutanisha. Bila sheria ile nisingekuwa na kampuni, sina sababu ya kuilaani. Nasema tu kwamba soko lilipoachiwa huru, dirisha dogo liliachwa ili anayebeba aweze kuchungulia ndani.

Jibu lilikuja kesho yake, mistari miwili. Kwa mkataba niliosaini siku nilipojiandikisha nao, nilikuwa nimeiachia haki yangu chini ya kifungu hicho.

Nilikwenda kuutafuta mkataba ule. Kurasa 17, niliusaini kwa kidole kwenye simu nikiwa kituo cha mafuta, Novemba 2021. Kifungu kilikuwepo, katikati ya mambo ya bima. Nikapekua mikataba mingine niliyokuwa nayo, karibu yote ina sentensi hiyo hiyo. Rafiki yangu mmoja aliomba kwa dalali mwingine asiye na kifungu hicho, akaambiwa karibu ofisini siku ya kazi, saa za kazi, kumbukumbu utaiona hapa hapa. Ofisi iko maili mia nane kutoka kwake. Mtu wa gari moja ataacha mizigo siku tatu akaangalie karatasi moja?

Wiki mbili baadaye nilipiga simu kwa kampuni ile ile kuulizia mzigo wa kwenda Memphis. Binti akaingiza namba yangu, akanyamaza, akasema: samahani, kwenye mfumo umewekewa alama kwamba tusikupe kazi. Nilimuuliza sababu. Hakuiona imeandikwa.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu madereva wenzangu tunapokutana msikitini au kwenye chai mazungumzo huwa ni ya upande mmoja. Mwaka 2021 sisi ndio tulioshika mpini. Watu walikuwa majumbani wananunua kila kitu kwa mtandao, bandari zimejaa, magari hayatoshi. Nilikuwa dereva wa kuajiriwa wakati huo na nikaona wenye magari wanalipwa dola 3, 3 na nusu kwa maili, nikachukua namba yangu ya usafirishaji na kununua Freightliner iliyotumika kwa dola 78,000. Madalali wengi walikuwa wameshafunga mikataba ya mwaka na wenye mizigo kwa bei ya chini, wakalazimika kutulipa zaidi ya walichokuwa wanalipwa wao. Walikuwa wanapata hasara kwenye mzigo mmoja mmoja na bado wanatubembeleza. Hatukuomba kuona kumbukumbu. Mimi mwenyewe, miezi yangu ya kwanza, nilimwachia dalali mmoja simu hewani mpaka akaongeza dola 400, na sikujiuliza zinatoka wapi. Tulipokuwa juu giza lile halikutusumbua, na madalali wanapotukumbusha jambo hilo wanasema kweli.

Tena dalali mzuri ana kazi ya maana. Anamlipa msafirishaji ndani ya siku 30 wakati mwenye mzigo anaweza kumlipa yeye baada ya 60 au 90. Anabeba hatari ya mwenye mzigo kufilisika. Saa nane usiku gari likiharibika, yeye ndiye anayeamshwa. C.H. Robinson ya Minnesota, ambayo ni kampuni kubwa kuliko zote kwenye kazi hii, iko kwenye soko la hisa na vitabu vyake viko wazi: miaka ya karibuni inabaki na senti 14 hadi 16 hivi kwa kila dola inayopita mikononi mwake. Kwangu mimi hizo si pesa za wizi. Mzigo wangu wa Ocala, kwa kiwango hicho, ungemwachia dalali dola mia tano na kitu, na mimi ningepata karibu 2,900. Kama kweli nauli ilikuwa 3,400. Hapo ndipo tunarudi pale pale: kama.

Kutojua kunazaa chuki isiyo na kipimo. Nimeona madereva wanaoamini kila dalali anakula nusu, na huwezi kuwabishia kwa sababu huna karatasi. Mei 2020, viwanda vimefungwa kwa ajili ya Korona na nauli zimeanguka, malori yalijipanga Constitution Avenue, Washington, wiki kwa wiki, honi zinalia mpaka Ikulu. Rais Donald Trump alizisikia akiwa kwenye hafla bustanini, akasema wale ni marafiki, watu walio upande wake. Wale watu walikuwa wanalia nauli. Walikuwa wanataka kifungu cha 371.3 kifuatwe. Mwezi huo huo OOIDA, chama cha madereva wenye magari yao, kiliipelekea FMCSA, mamlaka inayosimamia malori, ombi rasmi kwamba dalali alazimike kutoa kumbukumbu kwa njia ya kielektroniki na asiruhusiwe kumfanya msafirishaji aiachie haki hiyo kwenye mkataba. Nilisoma habari zile nikiwa nimepaki Indiana, nimeajiriwa, nikazipita. Sikuwa na gari langu.

Kisha likaja anguko. Juni 2022 dizeli ilifika dola 5.81 kwa wastani wa nchi nzima, wakati nauli zilikuwa zimeshaanza kushuka, na hazikuacha. Julai 2023 kampuni ya Yellow, yenye wafanyakazi karibu 30,000, ilizima magari yake. Oktoba mwaka huo Convoy ya Seattle, dalali wa kidijitali aliyethaminiwa dola bilioni 3.8 mwaka mmoja na nusu tu kabla, ilifunga. Kwetu Columbus hayo tuliyaona kwenye maegesho. Jumapili moja nilihesabu magari tisa yenye kibao cha kuuzwa nyuma ya gereji moja tu, na manne kati yake nilikuwa nawafahamu wenyewe.

Na soko likiwa gumu wezi wanaingia. Rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu anayeishi Dayton, alichukua mzigo wa kwenda Texas kwa mtu aliyejiita dalali. Yule mtu hakuwa na mzigo wowote. Aliuchukua kwa dalali wa kweli akijifanya msafirishaji, kwa namba ya kampuni ya watu wengine, akamtupia rafiki yangu kwa bei ya juu kidogo ili asisite, akalipwa haraka, akazima simu. Kisheria kila dalali anaweka dhamana ya dola 75,000. Zamani ilikuwa 10,000, ikapandishwa mwaka 2013. Lakini dhamana moja ikidaiwa na watu themanini, kila mmoja anapata chenga, na tapeli wa aina hii mara nyingi hana hata hiyo dhamana. Rafiki yangu alinipigia akiwa njiani anarudi mtupu. "Kaka," akasema, "nimetumika juma nzima bure." Kwa Kiswahili cha kwao kutumika ni kufanya kazi. Mimi wa Kigamboni nikazisikia maana zote mbili, nikakosa la kumjibu.

Kama rafiki yangu angeweza kuona jina la mwenye mzigo na njia nzima ya malipo, mapema, tapeli yule angejificha wapi? Watu wanalizungumza suala la uwazi kana kwamba ni wivu wa madereva juu ya faida ya mtu. Mnyororo ambao kila pete yake inaonekana ni mgumu kuingiziwa pete ya bandia.

Novemba 2024 FMCSA hatimaye ilitoa pendekezo la kanuni: kumbukumbu zitunzwe kielektroniki, na msafirishaji akiomba apewe ndani ya saa 48. Chama cha madalali kilipinga, kikasema bei wanayokubaliana na mteja ni siri ya biashara, na kwamba msafirishaji asiyeridhika na bei ana uhuru wa kuukataa mzigo. Hoja ya uhuru ningeielewa zaidi kama ningeijua bei ninayoikataa. Nilituma maoni yangu. Niliandika habari za Ocala bila kutaja jina la mtu, nikaandika na za Feri, sijui kama aliyeyasoma Washington alielewa habari za mnada wa samaki.

Siku hizi mkataba mpya ukija kwenye simu siusaini nikiwa kituo cha mafuta. Nikifika nyumbani naufungua kwenye kompyuta, natafuta 371.3, nachora mstari juu ya kifungu chote, naweka herufi za jina langu pembeni, naurudisha. Wengi hawajibu. Wengine wanasema mfumo haukubali mabadiliko. Nimekosa kazi kwa ajili hiyo, na mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja kama mstari ule unalipa kodi ya nyumba.

Wawili wamekubali. Mmoja ni mzee wa Indiana mwenye ofisi ya watu wanne. Kwanza nilidhani hakukiona kifungu nilichokifuta. Jumatatu iliyopita alinipigia saa mbili asubuhi: karatasi za kuchapishia, Columbus kwenda Chattanooga, maili 470. Akasema mwenye mzigo anamlipa 1,100, yeye anabaki na 130, zangu 970, nakwenda au siendi?

Nilikuwa nataka 1,050. Nikamwambia nakwenda, nikawasha gari.